Erica Bado Anaita Watu wa Maji

Kijiwe chetu cha Ihumwa ni taruma moja la reli ya zamani, limelazwa juu ya matofali, limeegemea ukuta wa chumba cha pampu ya jumuiya ya maji. Alasiri tangi hutupa kivuli, upepo huanza kuokota vumbi na mifuko, na Abdulswamadu wa Kondoa, muuza kahawa, hufika na birika lake na vikombe vinavyogongana ndani ya ndoo. Siku hiyo tulikuwa wanne wa kawaida. Mzee Methusela, mstaafu wa reli, tunamwita Stesheni kwa sababu hakuna habari inayopita bila yeye kuipungia bendera. Shaibu Wizara ni mhudumu wa ofisi moja ya serikali kule Mtumba. Anabeba chai za wakubwa, akidhani amebeba na siri zao. Zipora alikuwepo na sinia lake la karanga, na mimi, mwenye kibanda cha kuchaji simu. Maji hayakuwa yametoka tangu juzi. Ndoo zilikuwa zimepangwa mpaka karibu na barabara, na kina mama wamekaa chini pembeni yake. Na juu ya nguzo, kwenye spika, Erica alikuwa anaongea. Erica tulimzika kabla ya masika.

"Wapendwa watu wa maji," alisema, "bomba linafunguliwa. Wenye watoto mgongoni watangulie."

Hakuna bomba lililofunguliwa. Hakuna aliyenyanyuka.

— Mara ya ngapi hiyo leo? aliuliza Shaibu.

— Usihesabu, alisema Zipora. Wafu hawahesabiwi maneno.

— Mimi nimeuliza tu. Kuuliza si ujinga, ujinga ni kuingia ndani ukazamia.

— Hapo umechanganya methali mbili, Shaibu.

— Zote zinatoka mdomo mmoja, kwani zitagombana?

Spika yenyewe haikuwa ngeni kwetu. Erica ndiye alikuwa msimamizi wa bomba, na kwa miaka alikuwa akisimama mlangoni anapiga kelele hadi koo linamkauka. Ulipoletwa mfumo wa kadi, Lameck, fundi wa kompyuta, akamrekodi ili mashine imsaidie kuita. Alipofariki hakuna aliyekuwa na moyo wa kumtoa mle ndani. Asubuhi akituita, tulikwenda. Jioni akituambia bomba linafungwa, tuliondoka. Tulizoea. Lakini tangu juzi alikuwa anaongea nje ya zamu yake, bomba limefungwa, na tulikuwa tumeanza kukaa kijiweni tukiwa tumeupa ukuta mgongo nusu nusu, kama watu wanaosubiri kuguswa bega.

— Hii ni virusi, alisema Shaibu. Huko ofisini kwetu ilishatokea. Wauza maji wa matoroli wametuma virusi ili tununue kwao.

— Wauza maji wa matoroli hata simu ya tochi wanakuja kuchajia kwangu, nikamwambia. Virusi watavitolea wapi?

— Ndiyo maana huwashuku! Simba mwenda pole ndiye anayeumwa miguu.

Mlango wa chumba cha pampu ukafunguliwa, akatoka Lameck. Shati limemganda mgongoni, kompyuta yake ya mapajani kaibana kwapani. Alimwamkia Mzee Methusela, akaketi mwisho wa taruma. Abdulswamadu akampa kikombe bila kuombwa.

— Mgonjwa anaendeleaje? aliuliza Methusela.

— Mahututi, mzee.

— Hebu tueleze kwa Kiswahili. Jana ulieleza, wote tukaondoka wajinga zaidi.

Lameck akapuliza kahawa. Ni kijana mpole, hana maringo ya watu wa kompyuta, na siku zile mbili zilikuwa zimemkondesha.

— Kompyuta ya pampu inatumia mfumo uitwao Linux, na ilikuja na Python yake humo humo ndani, ya zamani. Juzi jumuiya ikaleta programu mpya ya kadi. Programu ikagoma, inataka Python mpya. Nikaweka mpya, ikakubali. Nikaona ya zamani imekaa tu, nikasema ya nini? Nikaing'oa. Na folda lake nikalifuta.

— Subiri, alisema Methusela. Paithoni si chatu?

— Ni jina tu, mzee. Ni lugha ya kuandikia programu.

— Lugha ikaitwa chatu? Sisi yetu inaitwa Kigogo na haijawahi kumeza mtu.

Tulicheka, na tukashukuru kupata kicheko. Lameck hakucheka.

— Kumbe mashine yenyewe ilikuwa inaitegemea ile ya zamani kwa mambo yake ya ndani. Mtandao, skrini, mpaka kile chombo cha kuwekea programu. Nilipoing'oa vyote vikafuata. Ni kama mtu kajenga nyumba mpya, akabomoa ya zamani, kumbe ukuta ulikuwa mmoja. Programu ya kadi nayo ikaanguka. Haisomi kadi, na pampu haiwaki bila kadi. Swichi ya mkono tuliing'oa wenyewe siku ile ya kufunga mfumo.

— Si uirudishe hiyo ya zamani! alisema Zipora.

— Chombo cha kuirudishia ndicho kilichoondoka nayo, dada.

— Ukiona vyaelea, jua vimezama, alisema Shaibu, na kwa mara ya kwanza ikawa kama amepatia.

— Na Erica? nikauliza. Yeye anaongeaje kama vingine vyote vimekufa?

Lameck aliangalia ndani ya kikombe. Nilimwona anatafuta maneno mepesi.

— Programu ya kuita watu ilikuwa ndani ya lile folda nililolifuta. Na sauti zake zote humo humo. Kwenye diski hakuna kitu, nimetafuta. Lakini programu ikishaanza inakaa kwenye kumbukumbu ya mashine. Ukilifuta faili lake, yenyewe inaendelea. Itaendelea mpaka mashine izimwe.

— Kwani haijui?

— Nini?

— Kwamba imefutwa, alisema Zipora. Haijui?

— Haijui, alisema Lameck.

Treni ya umeme ilipita upande wa pili, ndefu, bila moshi, ikatuachia upepo. 

"Hapo nimekosea," ilisema spika. "Narudia." Akakohoa. Halafu akacheka, kile kicheko chake cha puani. "Nimesema ndoo kama mtu anaita ng'ombe."

Karanga zilimwagika kutoka kwenye sinia la Zipora.

— Hilo halikuwepo! Lameck, hilo hajawahi kulisema!

— Alilisema siku ya kurekodi. Nilikata vile vipande vibaya lakini sikuvitupa. Sasa ule mpangilio wa nini kichezwe saa ngapi umefutika, kwa hiyo inaokota chochote kilichobaki kichwani mwake.

— Kichwani mwa nani? aliuliza Abdulswamadu taratibu.

— Mwa mashine, alisema Lameck. Mwa mashine, bwana.

Mzee Methusela alikuwa ameshaweka kikombe chini. Mzee huyu akiweka kikombe chini ujue treni inaingia.

— Nitawaambia kitu. Chatu hatafuni. Chatu anameza kizima kizima. Siku mnamrekodi Erica, yule chatu wa zamani alimmeza na vicheko na vikohozi. Akatulia naye tumboni, ametulia kabisa, anatoa kidogo kidogo. Wewe ukaja kumng'oa. Chatu akishtuliwa ameshiba anafanya nini?

— Anatapika, alisema Shaibu.

— Anatapika! Sasa unasikia.

— Mzee Stesheni, mimi naona zaidi ya hapo, alisema Shaibu, na macho yake yalikuwa yamebadilika; hakuwa anatania tena. Kama sauti yote imebaki hapa, kule alikokwenda amefika na nini? Fikirini. Amefika, anaulizwa jina. Anafungua mdomo. Kimya. Kwa sababu sauti iko Ihumwa inaita watu kwenye ndoo.

— Astaghfirullah, alisema Abdulswamadu. Kunyweni kahawa.

— Nasema tu.

— Ndiyo, unasema tu, na usiku mimi napita makaburini kurudi kwangu.

— Basi izimwe! alisema Methusela. Lameck, si unazima tu?

— Nina mfumo mzima kwenye flashi, mzee. Nikizima, naweka upya, na kabla jua halijazama maji yanatoka. Betri za sola zimejaa, haitazimika yenyewe. Lakini Mzee Petro amekaa mbele ya swichi ya mashine tangu juzi. Ananiambia, bado kidogo.

Petro ni mume wa Erica. Baada ya msiba jumuiya ilimwachia yeye ufunguo wa chumba cha pampu, kwa huruma, na alikuwa anakifagia kila asubuhi kama alivyofanya mkewe. Tulijua yumo ndani. Tulikuwa tunajifanya hatujui. Kina mama kwenye foleni walijua pia, na ndiyo maana hakuna aliyekuwa ametukana.

"Petro," ilisema spika. "Hiyo feni inakoroma. Izime."

Tukasikia, kupitia ukutani, kiti kikisogezwa.

Niwaambie kweli. Ndani ya chumba kile hamna feni. Iliharibika zamani, ikang'olewa. Lakini tulimsikia Petro akinyanyuka, akatembea, akasimama mahali feni ilipokuwa, halafu akarudi kuketi.

— Ameitikia, alinong'ona Zipora.

— Mtu akiitwa na mkewe afanyeje? alisema Methusela.

Zipora akafunga kanga yake vizuri, akaenda kugonga mlango.

— Shemeji. Toka upate kahawa. Shemeji Petro, toka bwana, unatuonea.

Alichelewa, lakini alitoka. Alikuwa amenyoa, amevaa shati la kanisani. Hilo ndilo lililoniumiza, kwamba alikuwa amevaa vizuri.

— Mbukwenyi, alitusalimu kwa Kigogo.

— Mbukwa, alijibu Methusela. Kaa.

Hakukaa. Alichukua kikombe, akakishika bila kunywa.

— Najua mnataka maji, alisema. Na mimi ndoo zangu zimekauka.

— Shemeji, hakuna anayekulaumu, alisema Zipora. Lakini kuna watoto.

— Mrekodi kwa simu basi, alisema Shaibu. Simu inashika vizuri tu, kaka. Halafu tunazima.

Petro alitikisa kichwa.

— Sauti yake ninayo kwenye simu. Salamu za Krismasi, na siku aliyokuwa ananifokea nimesahau chumvi. Nimezisikiliza mpaka najua anapovuta pumzi. Zile zinafika mwisho. Hii hapa... Akaangalia juu kwenye nguzo. Hii hapa sijui atasema nini sasa hivi. Mnaelewa? Kila nikikaa, sijui atasema nini. Kama zamani.

Shaibu aliinama, akaanza kuokota karanga zilizomwagika. 

Lameck alisimama. Macho yalikuwa mekundu, ya vumbi na ya mengine.

— Mzee, nisamehe. Ningejua nisingegusa.

— Ungejua nisingemsikia, alisema Petro. Wala usiombe msamaha.

Upepo ukakata ghafla, kama unavyofanya huku kwetu, vumbi likabaki limesimama hewani halijui pa kwenda. Spika ikakwaruza. Ilikuwa sauti ileile ya Erica lakini haikuwa ya kuita watu. Ilikuwa ya mtu aliyegeuza shingo akatazama mlangoni, sauti ya nyumbani, ya chini.

"Ee, karibu. Pita ndani, pita. Kiti hicho hapo."

Kimya. Kwenye kimya hicho, ndani ya spika, kitu kikaburuzwa sakafuni.

"Ngoja nimalize na watu wa maji kwanza. Halafu tutaondoka."

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema Mzee Methusela kwa mazoea, kama mtu anavyoitikia salamu.

Halafu akajisikia alichosema. Akajifunika mdomo kwa kiganja.

Erica aliugua wiki ileile ya kurekodi. Hakupona.

Lameck ndiye alikuwa wa kwanza kuzungumza, na alizungumza haraka.

— Lazima alikuwa mtu. Kuna mtu aliingia tukiwa tunarekodi, nimesahau. Mzee Petro, ulikuwepo. Nani aliingia?

— Tulikuwa watatu, alisema Petro. Wewe umeshika simu, mimi nimeegemea mlango. Nimeuegemea kwa mgongo, kwa sababu upepo ulikuwa unaupiga na wewe ulisema unaharibu sauti. Hakuna aliyeingia.

— Labda alikuwa anakwambia wewe, alisema Zipora. Wewe ulikuwa umesimama, akakwambia kiti hicho hapo.

— Mimi Erica alikuwa haniambii karibu, dada yangu. Miaka yote ile. Mtu haambiwi karibu kwake.

— Basi mimi sikumbuki, alisema Lameck. Sikumbuki kabisa kusikia hayo maneno. Nilivikata vipande vyote kwa mkono wangu. Nisingelisahau hilo.

— Chatu... alianza Methusela.

— Mzee, acha chatu, alisema Abdulswamadu, na ilikuwa mara ya kwanza nimsikie akimkatisha mzee.

Petro alikuwa bado anaangalia nguzo. Uso wake ulikuwa umetulia kwa namna ambayo haikunipendeza, halafu nikaona si kwamba umetulia, bali alikuwa anafikiri. Alikunywa ile kahawa yote kwa mkupuo mmoja, ya moto, akarudisha kikombe.

— Amesema amalize na watu wa maji kwanza, alisema. Mmesikia wote?

— Tumesikia, shemeji.

— Nyie ndio watu wa maji. Mimi pia. Tangu juzi anaita na hakuna anayechota. Atamalizaje? Akageuka kuelekea mlangoni. Tunamchelewesha. Tumemshika hapa, mimi ndiye wa kwanza. Lameck, njoo unionyeshe pa kubonyeza.

— Nitabonyeza mimi, mzee. Ni kazi yangu.

— Hapana. Wewe nionyeshe tu.

Wakaingia. Mlango ukabaki wazi kidogo, na kutoka pale nilipokaa niliona nusu ya mgongo wa Petro na taa ndogo ya kijani. Foleni yote ilikuwa imesimama bila kuambiwa. Spika ikasema, "Wapendwa watu wa maji, bomba..." na tukasikia Petro akisema, si kwa nguvu, kama mtu anayemwambia mwenzake wa kitanda kimoja: "Nimesikia, mama. Nenda."

Taa ya kijani ikazimika. Spika ikatoa mlio mdogo, tik, na baada ya hapo tukausikia upepo tena, na mbwa, na mtoto wa mtu analia huko mbali. Sikujua mpaka saa ile ni kiasi gani tulikuwa tumezibwa masikio.

Lameck alifanya kazi yake. Aliacha Python iliyokuja na mfumo mahali pake, ile mpya akaiweka pembeni, kila moja na chumba chake, na kila hatua alimweleza Petro kama anayetubu. Jua likiwa limeegemea vilima, pampu ilikohoa mara mbili, ikashika. Maji yalikuja mekundu, halafu meupe. Hakuna sauti iliyowaita kina mama. Walitazamana, na wale wenye watoto mgongoni wakatangulia. Petro alisimama bombani mwenyewe, akiwafungulia, shati la kanisani limelowa mpaka kiunoni.

Sisi tulirudi kukaa. 

— Basi, alisema Shaibu mwishowe. Mambo yamekwisha. Ameondoka salama.

— Ameondoka salama, tukasema.

— Hata hewa nyepesi, alisema Zipora. Si mnaona hata hewa nyepesi?

Tukakubali kwamba hewa ni nyepesi. Abdulswamadu akainamisha birika kwa ajili ya vikombe vya mwisho.

Hapo ndipo akaja yule mwanamke mgeni. Anaitwa Salwa; alikuwa amehamia wiki hiyo, amepanga chumba nyuma ya maduka, na muda wote alikuwa kwenye foleni na ndoo yake ya bluu. Sasa ilikuwa imejaa. Aliitua chini, akajifuta mikono, akamwamkia mzee.

— Shikamoo babu. Jamani, habari za jioni.

— Marahaba. Nzuri. Umepata maji?

— Nimepata, namshukuru Mungu. Nilitaka nimshukuru na yule mama wa kwenye spika, nimesikia kumbe ni marehemu. Poleni sana. Wameniambia pale kwenye foleni kwamba ameshaondoka.

— Asante, mwanangu, alisema Zipora. Ndiyo, ameondoka. Ametulia sasa.

Salwa alitazama kile chumba cha pampu. Mlango ulikuwa bado uko wazi kidogo, na ndani kulikuwa kumeshaanza giza, na kiti kimoja kikionekana.

— Na yule mgeni wake? aliuliza. Naye ameondoka?